Utata wa Kutaja Namba Kubwa: Kiswahili na Kikuyu cha Othaya

Namba nzima iandikwapo kwa tarakimu haina utata. Utata huzuka itamkwapo. Kauli "kilo elfu mia moja na mbili" yaweza kufasiriwa kwa njia mbili. Ikiwa "mbili" inahesabu maelfu, namba ni 102,000. Ikiwa inahesabu kilo zenyewe, namba ni 100,002.

Kihesabu, namba hizi zina tabia mbalimbali. 102,000 hugawanyika sawasawa kwa 17, kila fungu likawa 6,000; 100,002 haigawanyiki kwa 17, bali kwa 7, kila fungu likawa 14,286. Tofauti yake ni 1,998, yaani 999 mara 2. Kila mara tofauti ya fasiri za namna hii huwa 999 mara ile namba ya mwisho. Na kwa kuwa 999 hugawanyika kwa 9, desturi ya kuhakiki hesabu kwa kujumlisha tarakimu haiwezi kulifichua kosa: jumla ni 3 katika namba zote mbili.

Upatanisho wa ngeli huondoa sehemu ya utata huu. "Watu elfu mia moja na wawili" ni 100,002 tu. "Watu elfu mia moja na mbili" ni 102,000, kwa sababu "mbili" imepatana na "elfu", si na "watu". Hata hivyo, sita, saba na tisa, ambazo asili yake ni Kiarabu, hazichukui viambishi vya ngeli. Kwa hiyo "watu elfu mia moja na sita" hubaki na maana mbili.

Katika Kikuyu, lugha ya wenyeji wa Othaya huko Nyeri, sita nayo hupatana na nomino: watu sita ni "andũ atandatũ", elfu sita ni "ngiri ithathatũ". Hivyo Kikuyu hutenga maana pale Kiswahili kinaposhindwa, ingawa "mũgwanja" (saba) na "kenda" (tisa) hazibadiliki.

Lakini katika lugha zote mbili, kilo na shilingi zimo katika ngeli ile ile ya "elfu" na "ngiri". Mkulima wa chai au kahawa wa Othaya anaposomewa mazao na malipo yake, hayo ndiyo majina ayasikiayo. Upatanisho, basi, hushindwa pale pale unapohitajiwa zaidi.

Neno "laki", lenye asili ya Kihindi, husaidia: "laki moja na elfu mbili" haina fasiri ya pili. Ila halifai chini ya 100,000, ambako "kilo elfu kumi na mbili" ni 12,000 au 10,002. Mazoea huielekeza kauli hiyo kwenye 12,000. Anayekusudia 10,002 hana budi kulirudia jina la kinachohesabiwa: "kilo elfu kumi, na kilo mbili".