Wikiendi ya Wawili Kalenga, Kando ya Ruaha Mdogo

Kila ikikaribia sikukuu au kumbukumbu ya ndoa, swali ni lile lile: safari hii tutoke twende wapi? Wa Dar wanakimbilia Zanzibar, wa Mbeya wanateremka Matema kuogelea ziwani, na wa Iringa wanaishia sebuleni mbele ya runinga, kila mmoja na simu yake. Kumbe kilometa kama 15 tu kutoka Iringa mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, kuna kijiji kando ya mto ambacho kiliwahi kuwa makao makuu ya dola nzima. Kinaitwa Kalenga.

Mji uliokuwa ngome

Hapa ndipo Mtwa Mkwawa alipojenga ngome yake, Lipuli, na kuizungushia ukuta wa mawe. Jina lenyewe la Iringa linatokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Kwa hiyo unaposema "naenda Iringa," unaitaja ngome bila kujua!

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walilivizia jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimbatiza jina la Nyundo. Wajerumani hawakusahau. Oktoba 1894 walirudi na mizinga, na tarehe 30 Kalenga ikaanguka. Mkwawa akatoroka, akapigana msituni kwa karibu miaka minne, mpaka Julai 19, 1898, alipojipiga risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai.

Fuvu lililosafiri

Wajerumani walikata kichwa chake na kukipeleka kwao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwataka wakirudishe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miaka 35! Ni mwaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipomkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Leo limehifadhiwa katika makumbusho ndogo ya Kalenga.

Hapa patawapa cha kuongea njia nzima. Twining alilichagua fuvu hilo kati ya mengi yaliyokuwa kwenye makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Wapo wanahistoria wanaouliza kama kweli ni lenyewe. Mwenzio atasema nini? Kwa familia iliyosubiri miaka 56, ni vipimo vilivyokuwa na uzito zaidi, au ni kule kupata mahali pa kulilia? Jibu lake litakuonyesha upande wake ambao pengine hujawahi kuuona.

Mteremke mtoni

Mkitoka makumbusho msikimbilie gari. Tembeeni. Mabaki ya ukuta yapo vipande vipande, mengine katikati ya makazi na mashamba, na kila mwaka mvua na jembe vinapunguza kidogo. Mwombeni mzee wa pale awaonyeshe, maana jicho la mgeni litapita juu ya jiwe lisijue limepita juu ya historia. Wenye watoto, wabebeni. Wazee wanaosimulia haya kama walivyoyasikia kwa babu zao wanapungua haraka kuliko ukuta.

Kisha shukeni kwenye Ruaha Mdogo, mkae kivulini. Maji haya yanakwenda kujiunga na Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Mkiyaona yanatiririka, msiyachukulie poa. Mambo mengi mazuri, ndoa zikiwemo, hukauka taratibu huku wenyewe wakidhani yapo tu.

Dondoo za safari

* Salimieni kwa "Kamwene!" Mtaitikiwa hivyo hivyo kwa tabasamu, na milango itafunguka. Kabla ya kupiga picha, ombeni ruhusa.
* Juni na Julai baridi ya Iringa haina mchezo. Bebeni sweta, au kumbatianeni.
* Msimu wa mvua mtakuta ulanzi, pombe ya mianzi. Wa leo ni mtamu kama juisi. Wa jana utawapoteza njia. Dereva asiguse.
* Mkirudi mjini piteni Boma, jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho, halafu Neema Crafts, karakana iliyoanza 2003 na inayoajiri watu wenye ulemavu.
* Zawadi ya mama mkwe? Kikapu cha milulu. Akina mama wa Kihehe wanavisuka kwa mikono. Usipunguze bei mpaka mwenzio aone aibu!