Gogo wa Ndalat na siri isiyo siri ya kuishi miaka mingi

WATU wengi wanaorejea shuleni ukubwani huwa wanatafuta kazi au kupandishwa cheo. Bi Priscilla Sitienei, wa kijiji cha Ndalat katika Kaunti ya Nandi, hakuwa na haja na lolote kati ya hayo alipojiandikisha katika shule ya msingi mnamo 2010. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe badala ya kusomewa. Tena, alitaka kuyaandika aliyoyajua kuhusu ukunga na miti shamba kabla hayajazikwa pamoja naye. Umri wake wakati huo ulikaribia miaka 90.

Shule hiyo, Leaders Vision Preparatory, ilimkataa mwanzoni. Haishangazi, kwani ni mwalimu gani angeamini kwamba ajuza wa umri huo hafanyi mzaha? Lakini alipozidi kushikilia, walimu waliona ana nia wakampokea. Akashonewa sare, akapewa kitanda bwenini, akaketi darasani na watoto wa watoto wa wajukuu wake. Kufikia 2015, vilembwe wake sita walikuwa wanafunzi wa shule hiyo hiyo. Baadhi ya watoto aliosoma nao aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi ya ukunga kwa miaka 65. Wote walimwita Gogo, yaani nyanya.

Msomaji huenda akamkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, mnamo 2004 akiwa na miaka 84. Naye pia alitaka kujisomea Biblia. Mzee Maruge alifariki 2009, na mwaka uliofuata Gogo akaanza shule.

Mnamo 2021 Gogo alisafiri hadi Ufaransa kwa uzinduzi wa filamu ya maisha yake iliyotengenezwa na Pascal Plisson. Alirudi akaendelea na masomo. Alifariki Novemba 16, 2022, nyumbani, baada ya kifua kumsumbua. Alikuwa amekosa masomo kwa siku tatu tu, na mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa ianze wiki iliyofuata. Alihesabiwa kuwa na miaka 99.

Alikula nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kila mtu anaposikia habari za mzee aliyekula chumvi nyingi namna hiyo. Kuna atakayesema ni mursik, mwingine atasema ni mboga za kienyeji, na mwingine hewa ya milimani. Ni kweli kwamba maziwa, mboga za majani na kutembea kwa miguu ni mambo mema. Lakini majirani wengi wa Gogo walikula vyakula hivyo hivyo na kuvuta hewa hiyo hiyo, na hawakufikisha hata miaka 70.

Ukiyatazama maisha yake kwa makini utaona jambo jingine ambalo haliuzwi dukani. Bibi huyu hakuwahi kukosa watu waliomhitaji. Katika ujana wake aliamshwa kwenda kuzalisha. Uzeeni, alipowaona watoto wakirandaranda kijijini na kuwauliza kwa nini hawako shuleni, walimjibu kwamba wamepitwa na umri. Aliwaambia kwamba kama yeye anasoma, wao wana udhuru gani? Kitukuu wake mmoja alipopata mimba na kuacha masomo, Gogo alimtania kwamba yeye ndiye angetumia karo iliyobaki shuleni. Alidhani msichana angeona haya na kurudi. Hakurudi, na nyanya akaenda.

Hapa sharti tutaje kwamba kisa cha kitukuu huyo si cha nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa kati ya miaka 15 na 19 nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Sera ya kuwaruhusu kurejea shuleni baada ya kujifungua imekuwepo tangu 1994. Inayokosekana mara nyingi ni nyanya wa kuisukuma.

Kuhusu umri wenyewe, huenda wengine wakauliza miaka hiyo 99 ilijulikanaje. Mnamo 1923, karibu na wakati aliozaliwa, serikali ya ukoloni ilipiga marufuku sherehe ya Wanandi ya kukabidhiana mamlaka kati ya marika na kumkamata kiongozi wao, Barsirian arap Manyei, ambaye hakuachiliwa huru hadi 1964. Katika hali kama hiyo ni nani angekumbuka kumwandikia mtoto wa kike cheti cha kuzaliwa? Umri wa wazee wengi wa kizazi hicho hukadiriwa kwa rika la waume zao, kwa mwaka wa njaa au wa nzige. Daktari anahitaji makadirio hayo, kwa sababu figo hupungua nguvu kadiri mtu anavyozeeka na kipimo cha dawa nyingi hutegemea jambo hilo. Kwa hivyo ukimpeleka nyanya hospitalini usiandike tu kwamba ana miaka 70 kwa sababu kitambulisho chake kinasema hivyo. Muulize alikuwa na watoto wangapi wakati wa uhuru.

Imani na mwili

Gogo alikuwa mcha Mungu, na wasomaji wengi watasema hiyo ndiyo siri. Je, sayansi inasemaje?

Mnamo 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliowafuata wauguzi wanawake 74,534 kwa miaka 16. Waliokwenda ibadani zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kufariki katika kipindi hicho, pungufu kwa asilimia 33, wakilinganishwa na wale ambao hawakwenda kabisa. Watafiti walipochunguza sababu, waligundua kwamba waendao ibadani walivuta sigara kidogo, hawakulemewa sana na huzuni, na walikuwa na watu wa kuwasaidia. Ni vyema kukumbuka kwamba wengi wa wauguzi hao walikuwa Wakristo wazungu wenye elimu na mshahara, na kwamba kuandamana kwa mambo mawili si thibitisho kuwa moja limezaa jingine.

Hata hivyo, matokeo hayo yanakubaliana na mengine. Mnamo 2010 wataalamu walijumlisha tafiti 148 zilizohusu watu 308,849 na kukuta kwamba wenye uhusiano wa karibu na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi ya wapweke kwa asilimia 50.

Kisha kuna watawa wa Kikatoliki 678 wa shirika la School Sisters of Notre Dame huko Marekani, ambao Profesa David Snowdon alianza kuwachunguza 1986. Walikubali kupimwa akili kila baada ya muda na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kifo. Mmoja wao, Sista Mary, alifariki akiwa na miaka 101 huku akili zake zikiwa timamu. Ubongo wake ulipotazamwa ulikutwa umejaa dalili za ugonjwa wa Alzheimer, ule unaowaibia wazee kumbukumbu. Ugonjwa ulikuwepo lakini haukumshinda. Wataalamu wanaamini kwamba kusoma, kufundisha na kuishi na wenzake kwa miaka mingi kulimwekea akiba.

Haya yote hayana maana kwamba sala ni badala ya tembe. Shinikizo la damu halina dalili kwa watu wengi, na mzee anayeacha dawa kwa kuwa mhubiri amemwambia amepona anaweza kupatwa na kiharusi kabla ya mwezi kwisha. Vivyo hivyo, ajuza mwenye kisukari anayetaka kufunga, iwe ni Ramadhani au ni mfungo wa kanisa lake, amwone daktari kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa za kisukari zikimezwa bila chakula hushusha sukari hadi mtu akazimia. Gogo mwenyewe, aliyezalisha kwa miaka 65, alisema waziwazi kwamba angependa kusoma awe daktari.

Na tusije tukaeleweka vibaya kuhusu ukunga. Mama anapovuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki kwa muda mfupi sana, na mkunga wa kijijini hana damu ya kumwongezea wala sindano ya kulikaza tumbo la uzazi. Ndiyo maana ni jambo la kufurahisha kwamba watoto waliozaliwa katika vituo vya afya nchini waliongezeka kutoka asilimia 43 katika utafiti wa 2008-09 hadi asilimia 82 katika ule wa 2022. Wakunga wengi wa jadi walibaki bila kazi, na wengine wakageuka kuwa wasindikizaji wa kuwapeleka wajawazito hospitalini. Gogo alipata kazi nyingine.

Macho na masikio

Mtu hawezi kusoma Biblia kama haoni, wala kumsikiliza mwalimu kama hasikii. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mnamo 2024 mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Miongoni mwayo ni elimu haba utotoni, shinikizo la damu, upweke, kutosikia vizuri, na kutoona vizuri kusikotibiwa.

Katika nyumba nyingi husemwa kwamba nyanya siku hizi hapendi kusoma, au amekuwa mkimya, au anajibu mambo ambayo hakuulizwa. Pengine ni mtoto wa jicho tu, ambaye huondolewa kwa upasuaji usiochukua zaidi ya nusu saa kwa kawaida na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Pengine ni nta iliyoziba sikio. Miwani ya kusomea inaweza kumrudishia Zaburi zake wiki hii.

Sasa tuje kwako wewe uishiye mjini. Kwa mapenzi yako umemtoa mama kijijini, ukamleta katika nyumba yako ya orofa ya nne. Umemwekea televisheni, umemwagiza yaya asimruhusu kugusa hata kijiko. Kule nyumbani alikuwa na kuku wa kufungulia, jirani wa kugombana naye, na kikundi cha Woman's Guild au cha Mothers' Union kilichomtuma kuwatembelea wagonjwa. Hapa anangoja uje saa mbili usiku umuulize kama amekula. Misuli ya mzee isipotumiwa huisha upesi kuliko ya kijana, na siku atakayokwenda msalani usiku atateleza avunjike nyonga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba hata waliopita miaka 65 wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 kwa wiki, pamoja na yale ya kuimarisha mizani ya mwili siku tatu. Kwa mama yako hayo si lazima yawe mazoezi ya klabu. Mwache amenye viazi, hata akichukua saa nzima. Mtafutie kanisa au msikiti ulio karibu, umjulishe kwa akina mama wa hapo, na aende kwa miguu akisindikizwa na mjukuu. Mpe mtoto mmoja wa kumfundisha lugha ya nyumbani. Kama hataki kukaa mjini, msikilize.

Kifua

Wazee hawaugui kama vijana. Mshtuko wa moyo kwa mtu wa miaka 80 unaweza kuja bila maumivu makali ya kifua. Dalili zinaweza kuwa kuhema, kuchoka ghafla, jasho baridi au kuchanganyikiwa. Nimonia nayo inaweza kumshika mzee bila homa kubwa, akawa tu amekataa chakula na kupumua harakaharaka. Mambo hayo si uzee. Yakitokea, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, na ubebe dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba, ndani ya mfuko mmoja.

Lile lengo la pili la Gogo, la kuyaweka maandishini anayoyajua, linaweza kuigwa bila karo. Ukienda nyumbani Disemba, nunua daftari. Mwulize nyanya ndugu zake walifariki kwa nini, ni nani aliyekuwa akienda haja ndogo mara kwa mara na kukonda, ni nani aliyeanguka ghafla shambani, ni akina nani waliojifungua pacha, na ni nani aliyepata uvimbe kwenye titi. Andika na umri wao ulivyokadiriwa. Maswali hayo ndiyo daktari atakayomuuliza binti yako siku ya kwanza ya kliniki.