Nusu sekunde iliyofichua mlango wa siri ndani ya Linux

Andres Freund, fundi wa programu katika kampuni ya Microsoft, hakuwa akitafuta wahalifu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 alikuwa akipima mwendo wa PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, akaona kwamba kuingia kwenye masini kwa njia ya SSH kunachelewa: mbele ilikuwa sekunde 0,299, sasa 0,807. Wengi wangelaumu koneksio na kuendelea na kazi. Yeye alifuata ile nusu sekunde. Ijumaa Kuu, tarehe 29 mwezi wa tatu, akatangaza alichokuta: mtu ametia mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kupunguza ukubwa wa mafaili. Mwenye ufunguo wa mlango huo angeamuru serveri ya mbali bila neno la siri.

La kushangaza, SSH yenyewe haihitaji xz. Ila watayarishaji wa Linux za aina mbalimbali, kama Debian na Fedora, waliiunganisha na systemd, programu inayowasha huduma za masini. Systemd nayo ilibeba maktaba ya xz. Ndivyo mgeni alivyoingia nyumbani kwa mgongo wa mgeni mwingine.

Alipitia wapi? Kwenye ujenzi. Maandishi ya programu hayatumiki hivihivi; lazima kwanza yajengwe. Xz inafanya kazi kwenye Linux, Windows, macOS na kwingine, na kila masini ina vifaa vyake. Kwa hiyo kuna mafaili ya ujenzi yanayouliza masini: una nini, unakosa nini? Autotools, chombo cha zamani, kinatoa kwa kazi hiyo faili la maelfu ya mistari, na kusema kweli karibu hakuna anayelisoma.

Mhalifu alilijua hilo. Amri mbaya haikuonekana katika maandishi yaliyowekwa wazi kwa wote. Ilitiwa ndani ya vifurushi vya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 tu. Wakati wa ujenzi ilichomoa sumu kutoka mafaili mawili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio. Tena ilichagua pa kushambulia: Linux ya prosesa x86-64, pale panapotengenezwa vifurushi vya aina ya Debian ao ya Fedora.

CMake, chombo cha pili cha ujenzi wa xz, nacho kiliguswa. Nukta moja iliwekwa katika jaribio la kutafuta Landlock, ulinzi wa Linux. Jaribio likashindwa kila mara, na ujenzi ukaamini masini haina ulinzi huo. Nukta moja!

Jina lililotumiwa ni Jia Tan. Alianza kuleta michango mwaka 2021, kwa upole. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana yalimsonga Lasse Collin, msimamizi wa xz, kwamba anachelewa, ampe mwingine nafasi. Collin alijibu kwamba ni kazi anayofanya bila malipo. Hapo ndipo panapouma kuliko ufundi wote: makampuni makubwa ya dunia yalikuwa yakiegemea mtu huyo mmoja. Baadaye Jia Tan akapata haki ya kutoa matoleo. Mpaka leo uso wake haujajulikana.

Hatari ilipewa alama 10 juu ya 10, lakini Debian ya kawaida, ile iliyo kwenye serveri nyingi, haikuwa imefikiwa. Collin aliondoa ile nukta tarehe 30 mwezi wa tatu, na toleo 5.6.2, lililosafishwa, lilitoka tarehe 29 mwezi wa tano.