Kuunda Chombo cha Michezo cha Mkononi: Hesabu Kabla ya Ununuzi

Mwanafunzi apendaye elektroniki, akitaka kujiundia chombo cha michezo cha kushikwa mkononi, aghalabu huanza kwa kununua skrini. Huvutiwa na rangi zake, akatoa fedha alizojiwekea, kisha akagundua kwamba skrini hiyo haipatani na vipuri vingine. Mimi nami niliwahi kukosea. Niliunganisha skrini ya volti 3.3 na umeme wa volti 5. Haikuwaka siku hiyo wala baadaye. Muuzaji hakuwa na kosa. Sikuwa nimeusoma waraka wa vipimo.

Chombo hiki kina viungo vitano: maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo katika kipande kimoja, skrini, vitufe, spika, na betri. Kila kimoja huwawekea masharti wenzake. Kwa hiyo yatupasa kuhesabu kwanza.

Tuchukue maikrokontrola iitwayo ATmega328P. Aina yake yenye miguu 28 huchomekwa kwenye ubao wa majaribio bila kuchomelewa. Kumbukumbu yake ya kazi ni baiti 2,048 tu. Je, yaweza kuendesha skrini ya rangi moja yenye nukta 128 kwa 64? Nukta zote ni 8,192. Kila nukta huwaka au huzima, hivyo yahitaji biti 1. Na kwa kuwa baiti ina biti 8, picha nzima huchukua baiti 1,024. Nusu ya kumbukumbu hubaki kwa ajili ya mchezo wenyewe.

Sasa tutazame skrini ya rangi yenye nukta 320 kwa 240, kila nukta ikichukua baiti 2. Picha moja yataka baiti 153,600, yaani mara 75 ya kumbukumbu yote tuliyo nayo! Apendaye boga hupenda na ua lake: atakaye rangi hana budi kugharimia maikrokontrola kubwa zaidi na betri yenye nguvu zaidi.

Umeme nao una masharti. Betri mbili za AA hutoa volti 3, ambazo skrini ya volti 3.3 huzistahimili. Kwa volti hizo, maikrokontrola yetu iendeshwe kwa megahezi 8, si 16. Betri ya simu iliyotupwa isitumiwe: ikijaa hufikia volti 4.2, na ikitobolewa au kuvimba yaweza kulipuka moto.

Vipuri vingine vyaweza kupatikana kwa fundi redio. Kitufe hupimwa kwa multimita: kikibonyezwa, ukinzani uwe karibu na sifuri. Lakini spika ya redio yenye omu 8 isiunganishwe moja kwa moja na mguu wa maikrokontrola. Kwa kanuni ya Ohm, volti 3 zikigawanywa kwa 8 hutoa miliampea 375, ilhali mguu huo haupaswi kuzidi miliampea 40. Hapo transista na kikinza vyahitajika.

Wahandisi wakubwa nao walipiga hesabu za namna hii. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, chombo kilichobuniwa na kikundi cha Gunpei Yokoi. Yokoi aliamini katika kutumia vipuri vilivyokwisha kuzoeleka na kuwa rahisi kwa bei. Skrini yake haikuwa na rangi wala taa, na ilitumia betri nne za AA. Washindani wake, Atari Lynx na Game Gear, walikuwa na rangi, lakini walihitaji betri sita, nazo zikaisha upesi. Game Boy ndiyo iliyotamba sokoni.

Zoezi kwa darasa: Skrini ya Game Boy ilikuwa na nukta 160 kwa 144, kila nukta ikiwa na biti 2. Je, picha yake nzima ingeenea katika kumbukumbu ya kazi ya ATmega328P? Andikeni hesabu yenu, kisha orodha ya vipuri, kabla ya kwenda dukani.