UZI: "Mama, hiyo haiko kwa ADP"

1/ Wadau, kila tukianza kubishana hapa kuhusu bajeti ya kaunti, mtu anarusha herufi chache na mjadala unaishia hapo. ADP. CIDP. CFSP. Leo nazifungua moja moja, kwa sababu hizo herufi ndizo zinaamua kama utajengewa kalavati ama utaendelea kuvuka matope.

2/ Juni moja niliketi kwa kikao cha bajeti hapa Likuyani. Mama mmoja akasimama akaomba kalavati: mvua ikinyesha, watoto hawavuki kwenda shule na pikipiki ya maziwa haipiti. Afisa akamjibu kwa upole, "Mama, hiyo haiko kwa ADP." Akaketi. Baadaye akaniuliza, "Kijana wangu, hiyo ADP ni chama cha nani?"

3/ Tulicheka. Lakini ukweli ni kwamba nusu ya waliokuwa pale hawakujua pia, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

4/ CIDP ni mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Hiyo ni orodha ndefu ya kila kitu kaunti inataka kufanya.

5/ ADP ni kipande cha mwaka mmoja kinachokatwa kutoka kwa hiyo orodha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kifike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mwaka wa fedha wenyewe unaanza Julai 1 inayofuata. Hesabu: ni miezi kumi kabla.

6/ CFSP ndiyo inayogawa mafungu: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki. Mwisho wake ni Februari 28. Makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kwa hivyo mama alikuja Juni, sufuria imeshaepuliwa. Hakukosea kuomba. Hakuna aliyemwambia unga unapimwa lini.

7/ Halafu kuna NG-CDF. Hiyo ni pesa ya serikali ya kitaifa kwa eneo bunge, sio ya kaunti. Madarasa ya msingi na sekondari, bisha huko. Zahanati, chekechea na barabara ndogo za kijijini ni za kaunti. Wale mnaomtukana mbunge kwa sababu zahanati haina dawa, mmebisha mlango wa jirani. Na MCA ni mwakilishi wa wadi: kazi yake ni kupitisha bajeti na kuisimamia, sio kubeba pesa mfukoni.

8/ Sipingi vifupisho. Nesi akiandika BP kwa kadi yako anaokoa muda. Lakini akimaliza anakugeukia: "Punguza chumvi." Huyo amekuhudumia. Akikuambia "BP" tu na kukuonyesha mlango, je?

9/ Tena si hisani tunaomba. Sheria hiyo hiyo inataka bajeti iliyopitishwa itangazwe kwa njia ambayo mwananchi ataielewa kwa urahisi. Na Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa.

10/ Likuyani tuna wadi tano: Likuyani, Sango, Kongoni, Nzoia na Sinoko. Popote ulipo, kikao kijacho uliza maswali matatu: Hii karatasi ni ya mwaka gani? Mradi wetu uko ukurasa gani? Kama haupo, mwisho wa kuuingiza ni lini? Akijibu kwa herufi, mwambie azifungue.

11/ Yule mama? Agosti tuliandika barua ya ukurasa mmoja: mahali pa kuvukia, shule iliyo ng'ambo, na sahihi za majirani. Tulibaki na nakala yenye muhuri. Kalavati bado. Lakini sasa akiambiwa "haiko kwa ADP", ana karatasi ya kuuliza kwa nini.