KUMTEGEMEA MUNGU KABISA: SEHEMU YETU NI IPI?



Mwezi wa tatu ukifika, kuanzia hapa Lwakhakha hadi Kitale, sisi wakulima huwa na swali moja. Mbegu iko ndani ya nyumba, lakini udongo bado ni vumbi. Tukipanda na mvua ikachelewa, mbegu itaharibika. Tukingoja, mvua itatukuta hatujapanda. Pesa ya mbegu hiyo ingenunua unga wa watoto, na bado wengi wetu hupanda. Hapo ndipo kumtegemea Mungu kunapoanzia: mkononi, si mdomoni tu.

Kuna makosa mawili. La kwanza ni kukunja mikono na kusema, "Mungu atatoa," na jembe liko nyuma ya mlango. La pili ni kumwamini Mungu wakati sanduku la kikundi limejaa tu. Likiwa tupu, imani nayo imekwisha.

Mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17) alibaki na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Eliya alipomwomba mkate, hakukaa kungoja unga uongezeke kwanza. Alikanda, akaoka, akatoa. Hatusomi kwamba alipewa ghala. Unga ulitosha leo, na kesho ukatosha tena. Mungu alimfundisha kumtegemea siku kwa siku.

Lakini je, anayemtegemea Mungu hapatwi na mabaya? Tuseme ukweli. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mlima huu wetu wa Elgon uliporomoka upande wa Uganda, kule Bududa. Kijiji cha Nametsi kilifunikwa na udongo. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Je, hawakuomba? Waliomba kama sisi. Watu walipomletea Yesu habari za mauaji, yeye mwenyewe aliwakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu (Luka 13). Aliwaambia wazi kwamba hao hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Basi tusiwahukumu waliopatwa. Kumtegemea Mungu si kununua bima. Ni kujua kwamba hata udongo ukianguka, hatutoki mikononi mwake.

Kwa hiyo tufanye sehemu yetu. Kwenye miteremko tupande miti na kuchimba mitaro ya kuzuia udongo. Mvua ikizidi na nyufa zikionekana, tuhame mapema; kuhama si kukosa imani. Mtoto akiugua, tuombe na tumpeleke zahanati siku hiyohiyo. Hesabu za kikundi ziandikwe na kusomwa mbele ya wote, kwani tunayemwamini anapenda ukweli. Tukishamaliza hayo, yaliyobaki tumwachie Mungu, twende tukalale.

Mkikutana, zungumzeni haya:

1. Ni jambo gani tunamwachia Mungu, kumbe ni kazi yetu?

2. Ni jambo gani linatunyima usingizi, kumbe ni kazi ya Mungu?

3. Ni nani katika kikundi ana konzi moja tu ya unga leo, na sisi tutafanya nini kabla jua halijatua?

Mungu awabariki.