Namba ya chasisi si pambo: Mambo ya kujua kabla familia haijanunua gari la zamani

GARI la zamani lina mvuto wake. Kuna baba anayeota kuifufua Land Rover ambayo babu aliiacha shambani, na kuna familia inayojinyima miaka mingi ili ipate gari la mtumba la kupeleka watoto shule. Wote wanapaswa kukitazama kitu kimoja kidogo kabla ya rangi na viti: namba ya chasisi.

Namba hiyo, inayogongwa kwenye chuma au kuandikwa kwenye kibao cha bati, hufanya kazi kama kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi hueleza mtoto alizaliwa lini na amepata chanjo zipi. Ukimpa mtoto kadi ya mwenzake, daktari ataamini amechanjwa kumbe hajachanjwa. Gari lililovishwa namba ya gari jingine nalo hutembea na historia isiyo yake.

Kwa nini namba hubadilishwa?

Nchini Marekani, ambako kukarabati magari ya kale ni burudani na pia biashara ya fedha nyingi, jambo hili lina sura kadhaa. Ya kwanza ni wizi: gari lililoibwa huvishwa kibao kilichong'olewa kwenye mkweche wenye hati halali. Ya pili ni tamaa ya bei: gari la kawaida hupewa namba ya toleo adimu.

Ya tatu huonekana haina ubaya. Mtu ana bodi nzuri isiyo na hati, na ana hati za gari la aina hiyohiyo lililooza. Anahamisha kibao, anapata usajili, anaona amejiokolea usumbufu.

Magari ya kale hurahisisha mchezo huu kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake wa namba. Mfumo mmoja wa herufi na tarakimu 17 ulianza kutumika Marekani kwa magari ya toleo la mwaka 1981.

Sheria inasemaje?

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 inasema anayeondoa, kufuta au kubadilisha namba ya gari kwa kujua anaweza kufungwa hadi miaka 5. Anayenunua au kuhifadhi magari ya namna hiyo ili ayauze, huku akijua hali yake, anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Hata hivyo, sheria inamwachia nafasi fundi anayelazimika kutoa kibao ili atengeneze gari, na anayerudisha au kubadilisha namba kwa kufuata utaratibu wa jimbo lake.

Tukio la jimbo la Kansas linaonyesha jinsi mnunuzi asiye na hatia anavyoweza kuumia. Mwaka 2017 polisi walishikilia Chevrolet Corvette ya mwaka 1959 baada ya mnunuzi mwenyewe kuipeleka ikaguliwe. Kibao chake kilikuwa kimetolewa na kurudishwa wakati wa ukarabati wa miaka ya nyuma, kabla hajainunua. Gari lilikaa mikononi mwa serikali kwa miaka kadhaa. Mwaka 2022 jimbo lilirekebisha sheria yake ili kuwalinda wakarabati wa magari ya kale wasio na nia mbaya, na hatimaye gari likarudi kwa mwenyewe.

Ni nani anayeumia?

Utetezi wa kawaida ni kwamba gari ni la mtu na kibao ni chake, kwa hiyo hakuna anayeumia. Lakini gari haliishi na mtu mmoja. Litauzwa, au litarithiwa na watoto ambao hawakuambiwa siri yake, na siku ya ukaguzi wao ndio watakaoulizwa. Aliyeibiwa naye hupoteza njia ya kulipata gari lake.

Kwa magari ya karibuni, suala hili linagusa afya moja kwa moja. Mamilioni ya magari duniani, yakiwemo ya Toyota, Honda na Nissan, yaliitwa kiwandani kubadilishiwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayofumuka wakati wa ajali. Kemikali ndani yake huharibika kwa kukaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, na mfuko unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Gari hutambuliwa kwa namba ya chasisi. Ukiuliza kwa namba ya uongo, utapata majibu ya gari jingine.

Mzazi afanye nini?

• Tazama namba iliyo kwenye chuma kwa macho yako, kisha ilinganishe na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Usitosheke na picha ya kwenye simu.

• Magari mengi ya mtumba kutoka Japani hayana tarakimu 17. Yana namba fupi yenye kistari, na sehemu ya mwanzo, kwa mfano NZE121, hutaja muundo wa gari. Kama muundo na bodi havifanani, uliza.

• Chunguza alama za kuchomelea, kusugua au rangi mpya kuzunguka namba. Nenda na fundi wako, si wa dalali.

• Usimalize malipo kabla hujahakiki taarifa za gari na mmiliki kwenye mamlaka ya usajili, ambayo kwa Tanzania ni TRA na kwa Kenya ni NTSA.

• Kama unafufua gari la babu na namba imeliwa na kutu, piga picha kila hatua, tunza risiti, na uende kwenye mamlaka kabla fundi hajagusa kibao.

Utaratibu huo unaweza kuchukua muda na kuchosha. Lakini mtoto atakayerithi gari hilo atakuwa na uhakika kwamba ni lake.